Kazi ya pua: shajara ya mbwa wa banda, Rau, Moshi

Mwisho wa Mei. Tunapoanzia

Popi ni mbwa wa kienyeji, dume, kahawia, masikio yamesimama. Anaishi kama wanavyoishi mbwa wengi wa Moshi wenye wenyewe: mchana amefungiwa bandani, usiku anaachiwa alinde nyumba. Banda ni la mbao na bati, liko nyuma ya jiko, linatazamana na migomba. Masika inaelekea kuisha, matope yanakauka, na kwenye sakafu ya udongo ya banda inaonekana njia ya mviringo aliyoichimba kwa miguu yake mwenyewe. Anazunguka upande mmoja tu, kuanzia asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Kizingiti cha mlango amekitafuna. Kila bodaboda inayopita anaibwekea, hata ile ya kijana wa jirani anayemjua tangu akiwa mtoto.

Hapa nyumbani wanasema mbwa huyu ni mkorofi. Mimi naona mbwa mwenye akili isiyo na kazi. Hana njaa, hapigwi, ana maji na kivuli. Anachokosa ni jambo la kufikiria kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ndilo lengo la mradi huu: kumpa Popi kazi ya kichwa kila siku, kwa vitu vilivyomo ndani na shambani, bila midoli ya dukani, kwa muda ambao mtu mwenye ajira na mtoto wa shule wanaweza kuupata.

Daftari limetundikwa kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jiko. Tunaandika chakula kimemchukua muda gani, amezunguka bandani kiasi gani, amebweka kwa sababu gani, na mchana amelala au amesimama. Anaandika yeyote aliye karibu: mimi, mama, dada anayetusaidia kazi, na mtoto wa dada yangu aliye darasa la tano, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu sote.

Kabla ya zoezi lolote, daktari

Mbwa anayejikuna usiku kucha hawezi kutulia mchana, na mbwa anayeumwa sikio au nyonga huonekana mkorofi bure. Daktari wa mifugo amekuja nyumbani. Kupe walikuwapo, hasa katikati ya vidole na ndani ya masikio. Amempa dawa ya kupe na ya minyoo, akamchoma chanjo ya kichaa. Fizi zina rangi nzuri, hakuna dalili kwamba homa ya kupe imemla damu. Uzito unaridhisha, hivyo chakula cha mazoezi kitatoka ndani ya mlo wake wa kila siku, hakitaongezwa juu yake.

Juni, mwanzoni. Chakula ndicho chombo

Popi anakula ugali wa dona na dagaa, na mara mojamoja utumbo au supu ya mifupa. Bakuli zima analimaliza chini ya dakika moja. Mbwa anayejitafutia mwenyewe mitaani hutumia sehemu kubwa ya siku akinusa, akichagua, akifukua. Huyu wetu anamaliza kazi yote ya kujilisha kabla sufuria haijapoa. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu chakula kipo tayari na hakiongezi gharama.

Tumebadilisha upishi. Makombo ya mezani yamekoma, maana mchuzi wa nyumba yoyote ya hapa una kitunguu, na kitunguu, kiwe kibichi au kimekaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Sasa supu ya Popi inachotwa kabla mama hajaunga. Dagaa kutoka soko la Mbuyuni wanaoshwa mpaka mchanga uishe, na hawatiwi chumvi. Ugali unasongwa mgumu, unalala, na asubuhi unakatika vipande vinavyoshikika bila kumomonyoka. Tunavifinyanga viwe vitonge vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kila kimoja kikiwa na dagaa ndani.

Zoezi la kwanza lilikuwa kutawanya vitonge kwenye nyasi fupi za mbele ya nyumba, saa kumi na mbili asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa. Popi alisimama katikati ya uwanja akatutazama usoni, anangoja bakuli. Tukamdondoshea kitonge mbele ya pua, kingine hatua moja mbele, kingine pembeni kidogo. Kichwa kikainama, na hakikuinuka mpaka uwanja wote ukawa umekaguliwa. Mkia ulikuwa umelala sawa na mgongo, ukitikisika polepole. Bodaboda zilipita barabarani, wala hakugeuka.

Saa ni muhimu hapa. Jua likishatoka, sisimizi wanamtangulia Popi, na kuku wakishatoka hakuna kinachobaki.

Swali la mama

Mama aliuliza: "Mwanangu, chakula unacho na mbwa unaye. Kwa nini umhangaishe akitafute?"

Ni swali la haki. Nikamweleza habari ya mtafiti wa Marekani, Glen Jensen, aliyechapisha mwaka 1963 majaribio yake ya panya. Panya wale waliwekewa chakula cha bure kwenye kikombe, na humohumo kizimbani palikuwa na kitasa ambacho wakikibonyeza hutoa chakula kilekile. Wengi waliendelea kubonyeza kitasa huku kikombe kimejaa. Baada yake watu wengine waliona jambo hilo kwa njiwa, kuku na nyani.

"Panya si mbwa," mama akasema, na hilo nalo ni kweli. Basi tukajaribu kwa Popi mwenyewe: nusu ya mlo kwenye bakuli, nusu kwenye nyasi, vyote vikiwa tayari kwa wakati mmoja. Alianza na bakuli, akalilamba likaisha, kisha akaingia kwenye nyasi na kukaa humo muda mrefu, akirudia hata mahali ambapo hapakuwa na kitu. Tulirudia asubuhi kadhaa na mpangilio ulikuwa uleule.

Kwa hiyo sithubutu kusema Popi anapenda kazi kuliko bakuli. Ninachoweza kusema ni kwamba tumbo likishatulia kidogo, bado anaitaka kazi. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya: kidogo bakulini kwanza, kingi cha kutafuta. Imesaidia kwa njia nyingine pia. Mbwa mwenye njaa kali huvamia, hukwaruza, na akikosa upesi hukata tamaa. Aliyetuliza tumbo hunusa kwa utaratibu.

Kwa nini pua, si mbio

Ushauri wa kwanza tuliopewa na majirani ulikuwa kumkimbiza: atupiwe mpira mpaka achoke. Tumemtupia. Anafuata mpira kwa furaha kubwa, anarudi akihema, kisha kwa saa nzima hatulii. Anaruka, anabweka, anadai mpira tena. Mwili umechoka na kichwa kimewaka moto. Akitoka kwenye nyasi za vitonge hali ni nyingine kabisa: anakunywa maji, anajinyoosha, analala.

Inakadiriwa kwamba mbwa ana seli za kunusia zaidi ya milioni 200, sisi tukiwa na milioni 5 au 6. Akiwa kazini hunusa mara kama 5 kwa sekunde, na hewa anayoitoa hupitia mipasuko iliyo pembeni mwa pua, hivyo haifukuzi harufu mpya inayoingia kwa mbele. Juu ya kaakaa ana kiungo kingine cha kupokea harufu za wanyama wenzake. Sehemu kubwa ya anachokijua kuhusu dunia inapitia hapo. Kumfungia mnyama wa namna hiyo mahali penye harufu zilezile, wiki baada ya wiki, ni kumnyima habari za ulimwengu.

Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti uliogawa mbwa wa nyumbani katika makundi mawili kwa wiki mbili. Kundi moja lilifanya kazi ya kutafuta kwa pua, jingine lilifundishwa kutembea sambamba na mwenye mbwa. Mwishoni mbwa wote walionyeshwa bakuli lililowekwa mahali pasipoeleweka, huenda lina chakula, huenda halina. Wale wa pua waliliendea kwa haraka zaidi kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo. Wale wa kutembea sambamba hawakubadilika. Watafiti walilisoma hilo kama dalili ya matumaini. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, kwa sababu matumaini ndiyo niliyokuwa naona Popi ameyapoteza alipokuwa akizunguka bandani.

Katikati ya Juni. Gogo la mgomba

Huu ndio ugunduzi mkubwa wa mradi mpaka sasa, nami nauandika kirefu ili mwingine mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, aujaribu.

Ndizi zikishavunwa, mgomba hufyekwa na gogo hukatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe au mbuzi. Mtu akilitazama gogo kwa upande uliokatwa ataona ni makombe yaliyofunikana, moja ndani ya jingine, na kila kombe lina nafasi ndogo za hewa na maji. Tunachukua kipande cha urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Kwa ncha ya kisu tunafungua kombe la juu kidogo, tunasukumia kitonge na dagaa, tunalibana tena kwa kiganja. Maji ya mgomba yanatunza ubaridi, na sisimizi wanachelewa kugundua.

Mara ya kwanza vitonge viliachwa vichungulie nje. Popi alivichomoa kwa meno ya mbele bila shida. Tukavisogeza ndani taratibu, siku kwa siku, kisha tukahamia kombe la pili, kisha tukaanza kulizungushia gogo kamba ya mgomba mkavu ili afikirie namna ya kuiondoa kwanza. Kupanda kwa ngazi ndogondogo ndiyo siri yenyewe. Mbwa akipewa gogo gumu siku ya kwanza ataliacha. Kuna alama tunazozitazama: akianza kulibwekea gogo, kulirusha, kupiga miayo bila usingizi au kuondoka na kurudi na kuondoka tena, zoezi limekuwa gumu kupita uwezo wake wa siku hiyo. Hapo tunalifungua kidogo mbele yake na kumwachia amalizie.

Anavyofanya kazi ni jambo la kupendeza kutazama. Analala kifudifudi, analibana gogo kwa miguu ya mbele, ananusa urefu wote kwanza, anaweka alama mahali kwa kupuliza pua, halafu anachana kombe kwa meno ya mbele na kulitema pembeni. Makombe yanatoa mlio anapoyachana, na nadhani mlio huo nao unampendeza. Kazi inachukua muda ambao mimi naoga, navaa na kunywa chai. Akimaliza analala juu ya mabaki.

Mambo ya kuangalia ni machache. Utomvu wa mgomba hauondoki kwenye nguo, kwa hiyo nguo za kazini zisikaribie. Nyuzi za gogo zinapaswa kutemwa. Tulikaa naye mpaka tukaona anatema kila mara, na bado dada anakagua choo chake. Mbwa mwenye tabia ya kumeza kila anachochana asipewe gogo. Mabaki yanaenda kwenye mboji.

Majani makavu ya mgomba yameleta zoezi la pili. Lundo moja kwenye kona ya banda, vitonge vimefichwa ndani, Popi anazama mpaka mabegani. Lundo linakung'utwa kwa fimbo kila mara kabla ya kuingizwa bandani, maana tandu na nge wanayapenda majani hayohayo.

Vilivyopita upesi

Chupa ya maji iliyotobolewa matundu, kizibo na pete yake vimetolewa: aliielewa mara moja, akaibiringisha kwa pua, kisha akagundua ni rahisi zaidi kuitafuna. Plastiki iliyotafunwa inakata. Imeondolewa.

Trei la mayai la karatasi lililokunjwa likafungwa: zuri kwa siku ya mvua, halidumu.

Suruali ya jinzi ya mtumba kutoka soko la Memorial, mguu mmoja umefungwa mafundo na vitonge viko katikati ya mafundo: inafaa sana, inafuliwa, inarudiwa. Kila fundo ni swali jipya.

Mwisho wa Juni. Vinavyomvuta na visivyomfaa

Mbwa anapofundishwa kutafuta kwa pua, atatafuta kila mahali, na Moshi ina vitu vyake vya hatari ambavyo vitabu vya wenzetu havivitaji.

Gunzi la hindi ndilo la kwanza. Mahindi ya kuchoma yanaliwa kila kona na magunzi yanatupwa palepale. Gunzi haliyeyuki tumboni, na kipande kikinasa kwenye utumbo mara nyingi humfikisha mbwa kwenye upasuaji. Mbegu ya parachichi inaweza kukwama vilevile. Kahawa, iwe buni inayoanikwa au masalia ya kwenye chujio, ina kafeini ambayo ni sumu kwa mbwa. Jirani yetu anapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na machicha yake yana harufu tamu inayomtoa Popi udenda. Pombe, hata ikiwa kidogo kuliko tunavyodhani, humdhuru mbwa, kwa hiyo nimeomba ndoo ya machicha ifunikwe, na jirani amekubali kwa moyo mweupe.

Mfupa umekuwa mjadala. Babu wa nyumba ya tatu alikuja na mfuko wa mifupa ya nyama choma, kama afanyavyo kila Jumapili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimemletea mlinzi haki yake."

Nikampokea kwa mikono miwili na kumweleza kwamba mfupa uliopitia moto huchanika vipande vyenye ncha, na ncha hizo hutoboa koo au utumbo. Babu alinyamaza kidogo, akasema mbwa wake wote tangu ujana wake walikula mifupa. Nikamwambia namwamini, na kwamba wapo walionusurika na wapo waliokufa bila mtu kujua sababu. Tumekubaliana kwamba Jumapili atamletea Popi gogo la mgomba kutoka shambani kwake. Ana migomba mizuri kuliko yetu.

Julai. Matembezi ya kunusa

Baridi imeingia, mawingu yamefunika mlima tangu asubuhi, na manyunyu hayaishi. Ni majira mazuri kwa pua: ardhi yenye unyevu na hewa tulivu huzitunza harufu karibu na udongo.

Tunatoka kwa kamba ndefu, asubuhi mapema, na sharti ni moja: Popi ndiye anayeamua mwendo. Akitaka kusimama kwenye nguzo ya umeme mpaka aimalize, tunasimama. Umbali hauna maana; siku nyingine hatufiki hata mwisho wa uzio wa jirani. Watu wanaopita wanashangaa kuona mtu mzima amesimama anangoja mbwa anuse jiwe, na baadhi wamesimama kuuliza. Nawaeleza. Kijana wa bodaboda ameniambia atajaribu kwa mbwa wa nyumbani kwao Uru.

Msitu wa Rau uko karibu, lakini hatuuingii. Ni hifadhi, mbega wana makazi yao humo, na mbwa anayefuata harufu ya mnyama pori anaweza kuleta madhara kwa dakika moja. Harufu za barabarani zinatosha. Mbwa wasiofungwa tukiwaona kwa mbali tunavuka upande wa pili bila haraka. Watulivu tunawaacha wapite wakinusiana hewani.

Mtoto anamshika Popi mimi nikiwa nimeshika kamba pia. Na kuna kanuni ambayo haina msamaha: Popi akiwa na gogo, fundo au kitonge, hakuna anayemnyang'anya. Kitu kikihitajika kutoka, kinabadilishwa kwa dagaa. Mbwa anayenyang'anywa hujifunza kulinda chakula kwa meno, na kazi hii yote ingeishia kwenye jeraha la mtoto.

Mlio wa ulimi

Mtoto amejifunza shuleni habari za panya buku wa Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Wanafundishwa kwa kibofyo: mlio mfupi unaomwambia panya "ndiyo, hilo hasa", halafu anapata ndizi au karanga.

"Mama mdogo, na Popi tumtafutie mlio," akasema.

Tunatumia ulimi, kuupiga kwenye kaakaa. Kwanza mlio na dagaa, mlio na dagaa, bila kumtaka afanye lolote, mpaka masikio yakawa yanasimama kila anapousikia. Sasa mlio unafika sekunde ileile anayofanya jambo tunalolitaka. Uzuri wake ni kwamba mkono una mwendo wa polepole na ulimi uko tayari. Amejifunza kukaa, kulala, kusubiri mlangoni, na kugusa kiganja kwa pua. Mafunzo ni mafupi sana, mara mbili kwa siku, tunakatiza yeye akiwa bado anataka.

Nimemwahidi mtoto kwamba tukienda Arusha nitamwonyesha Usa River, ambako shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation wana kituo cha kufundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona. Tutapita tu barabarani, lakini amefurahi kujua kwamba kazi ya Popi ina wakubwa zake jirani.

Agosti. Hofu ya ulinzi

Tangu mwanzo kulikuwa na hofu ambayo watu waliisema kwa sauti ya chini: mbwa akishughulishwa mchana atalala usiku, na akizoezwa kuchezewa atawachekea wezi. Hofu hii ndiyo inayowafanya wengi wawaache mbwa wao bandani bila kitu, kwa hiyo naijibu kwa yaliyomo kwenye daftari.

Mchana Popi analala. Hapo awali alikuwa hasinzii, anazunguka na kubweka, halafu anafunguliwa saa moja jioni akiwa ameshachoka na amevurugika. Mbwa mzima anahitaji usingizi mwingi, saa 12 au zaidi kwa siku, na mlinzi wa usiku anatakiwa kuupata mchana. Gogo la asubuhi linamletea huo usingizi. Njia ya mviringo bandani imeanza kufutika.

Bodaboda za mchana haziandikwi tena, hakuna cha kuandika. Usiku amebweka mara chache, na kila mara dada au mimi tumetoka kuangalia na kukuta sababu: mtu amesimama getini, ng'ombe aliyekata kamba, kijana aliyeruka uzio wa nyumba ya nyuma akifuata kuku wake. Mlinzi wa nyumba ya jirani amesema jambo ambalo nimelinukuu kwenye daftari: "Zamani nilikuwa simsikilizi. Siku hizi akibweka, nasimama."

Babu naye aliuliza kama tunampa mbwa dawa ya usingizi. Nimemkaribisha aje asubuhi aone gogo linavyochanwa. Alikuja, akakaa kwenye kigoda mpaka likaisha.

Septemba

Tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Popi ana cheti chake. Mtoto amepita kwa majirani kukumbusha, na amewaambia walichomwambia shuleni: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa tunaowatoa bandani kwenda kunusa barabarani lazima wawe wamechanjwa kwanza. Hapa sina mjadala na mtu.

Oktoba. Soksi

Mama sasa ndiye fundi wa magogo. Ameongeza mbinu yake: anapaka maji ya kuoshea dagaa kwenye kombe lisilo na kitu, ili Popi ajifunze kutofautisha harufu iliyogusa na harufu iliyopo. Asubuhi za kwanza alichana makombe yote yaliyopakwa. Sasa anasimama, ananusa kwa muda, na mengi anayaruka.

Kwa kuwa ameweza hilo, tumeanza kumfundisha kutafuta kitu kisicholiwa. Tumechagua soksi moja ya sufu ya mtoto, imevaliwa siku nzima, haijafuliwa. Hatua ya kwanza: soksi iko sakafuni, Popi akiigusa kwa pua, ulimi unalia na dagaa wanakuja. Hatua ya pili: soksi iko chini ya ndoo moja kati ya ndoo zilizopinduliwa, na anayejua ilipo hayupo uwanjani, ili Popi asome harufu badala ya kusoma uso wa mtu. Anakosea akiwa na haraka, anapata akianza kwa kunusa hewa. Akiipata anakaa na kututazama. Hilo la kukaa amelibuni mwenyewe, nasi tumelipokea.

Vuli inakaribia na uwanja wa mbele utakuwa matope, kwa hiyo mazoezi ya nyasi yatahamia barazani, kwenye jamvi kuukuu. Soksi inahamia nyuma ya nyumba, upande wa banda la mbuzi, ambako harufu za kushindana nayo ni kali zaidi. Mtoto ameshachora ramani ya mahali pa kuificha, na mama ameagiza asiandike ramani hiyo kwenye daftari la mlangoni, maana mimi ndiye ninayemshika Popi kamba na sitakiwi kujua.